Mshipa Uliofura Tumboni: Kisu Kinapokuwa Rehema



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, makala haya ni deni. Nilipomtembelea shemeji yangu siku chache baada ya kaka yangu kurudi kutoka hospitali, aliniambia maneno haya: "Sheikh, wewe una mimbari na una kalamu. Waambie watu, wasikae na jambo hili kama tulivyokaa sisi." Nikamuahidi, na ahadi ni deni. Kaka mwenyewe nimemwomba ruhusa, naye ameridhia mradi nisilitaje jina lake.

Kaka yangu ana umri wa miaka 68. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini kwa muda mrefu wa maisha yake, na muda wote huo sigara haikumbanduka mdomoni. Shinikizo la damu alikuwa nalo, na dawa zake akizimeza siku anayokumbuka. Mwaka jana, mara baada ya Mfungo Mosi kupita, alianza kulalamika maumivu ya kiuno na uzito wa tumbo. Usiku mmoja shemeji alikuwa akimpaka mafuta ya nazi, na mkono wake ulipotulia juu kidogo ya kitovu, akahisi kitu kinadunda chini ya kiganja. Aliniambia baadaye, "Nilidhani moyo wake umeshuka tumboni."

Wazee waliposikia wakasema ni mchango. Wengine wakasema ni mshipa, na sisi watu wa pwani mtu akisema "fulani ana mshipa" basi twafahamu ngiri au busha, si zaidi. Mimi nilipoulizwa nilimsomea, nikamwandikia kombe, nikamwambia asubiri. Akatafutwa mkandaji, akakandwa tumbo mara tatu. Hivyo ikapita miezi miwili.

Kilichotuokoa, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ni shida nyingine kabisa. Kaka alianza kupata taabu ya kukojoa, na mwanawe akampeleka hospitali apigwe picha ya ultrasaundi ili tezi dume itazamwe. Yule mpigaji picha alinyamaza kwa muda, akarudisha kile chombo chake juu ya kitovu, kisha akatoka kumwita daktari. Tezi ilikuwa na shida ndogo tu. Lakini mshipa mkuu wa damu ulikuwa umefura hadi kufikia upana wa sentimita 6.3.

Daktari akauliza, "Mzee, kuna mtu aliyekuwa akikukanda hapa?" Hakuna aliyejibu. Mimi nilitazama chini.

Ni mshipa gani huu?

Katika Suratul Haaqqa, aya ya 46, Mola wetu ameutaja mshipa uitwao al-watiin. Wafasiri wameueleza kuwa ni mshipa ulioshikamana na moyo, ambao ukikatwa mwenyewe hana maisha. Nimeifundisha aya hiyo madrasani kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuizingatia kama nilivyoizingatia siku ile mbele ya kioo cha picha.

Mshipa mkuu, ambao madaktari wanauita aota, hutoka moyoni ukipanda juu, ukajipinda mfano wa mpini wa bakora, kisha ukateremka mbele ya uti wa mgongo. Hupenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ukatoa matawi ya kulisha ini, matumbo na figo mbili, na unapofika karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Damu yote inayokwenda sehemu ya chini ya mwili hupita humo. Kwa mtu mzima, sehemu yake ya tumboni kwa kawaida ina upana wa sentimita 2 hivi. Ukifikia sentimita 3 au zaidi, madaktari huhesabu kuwa umefura.

Sababu ya kufura ni kudhoofika kwa ukuta wa mshipa. Ukuta huo una nyuzi zinazoupa uwezo wa kutanuka na kurudi. Nyuzi zikiliwa na kuchakaa, kila pigo la moyo huusukuma ukuta nje kidogo, na ukishasukumwa haurudi. Mfano wake ni tairi kuukuu la baiskeli: mahali palipochakaa ndipo mpira wa ndani unapotokeza kitundu cha uvimbe, na kadiri unavyotokeza ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba.

Wanaopatwa zaidi ni wanaume waliovuka miaka 65, hasa wavutaji wa sigara na wale waliowahi kuvuta. Hakuna kisababishi kinachoweza kuepukika kilicho kikubwa kuliko tumbaku. Shinikizo la damu na mafuta yanayoganda katika mishipa pia yanahusika, na maradhi haya hutembea katika nasaba: ndugu wa mgonjwa wa tumbo moja, na watoto wake, wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Wanawake hupatwa kwa uchache, lakini mama zetu wasijihesabu kuwa wamesalimika, kwani kwao mshipa huweza kupasuka ukiwa na upana mdogo kuliko wa mwanamume.

Na jambo la kutisha ni ukimya wake. Wengi hawahisi kitu chochote. Wachache huhisi mdundo tumboni, au maumivu ya mgongo na kiuno yasiyo na sababu. Mshipa ukipasuka, huja maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho la baridi, kizunguzungu na kuzirai. Katika waliopasukiwa, takriban wanane kati ya kumi hufariki, na wengi wao hawafiki hospitali. Nimewaosha na kuwasalia wazee walioamka salama kwa sala ya alfajiri, wakashikwa na mgongo, na kufikia adhuhuri tukawa tunachimba kaburi. Tulisema ni ajali yao imefika, na kweli ilikuwa imefika. Lakini hatukuwahi kuuliza walikuwa na nini.

Kipimo kinachoamua

Si kila mshipa uliofura hupasuliwa. Uliofura kidogo huangaliwa tu kwa picha, kila mwaka au kila baada ya miezi michache, kulingana na upana wake. Kwa wanaume, madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji ukifikia sentimita 5.5. Kwa wanawake, wengi huanza kwenye sentimita 5. Ukikua haraka au ukianza kuuma, hawangojei. Sababu ni kwamba upasuaji wenyewe una hatari yake, na chini ya kipimo hicho hatari ya kisu huzidi hatari ya kungoja.

Ultrasaundi haina sindano wala maumivu, na humalizika kwa dakika chache. Huko Uingereza, kila mwanamume anayetimiza miaka 65 huitwa kwenda kupimwa mshipa huu. Utaratibu huo ulitokana na uchunguzi mkubwa uliohusisha wanaume 67,800, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002. Wale walioitwa kupimwa, vifo vyao vitokanavyo na mshipa huu vilipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na wasioitwa. Sisi hatuna mwito kama huo. Anayetaka kupimwa ni lazima aende mwenyewe aombe.

Njia mbili za kuutengeneza

Kaka alipelekwa kupigwa picha ya skani inayoonyesha mshipa kila upande, kisha tukakaa mbele ya daktari mpasuaji wa mishipa. Alitueleza kwa utulivu kwamba ziko njia mbili.

Ya kwanza ni ya kupasua tumbo. Mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha hupasuliwa kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Matumbo huwekwa kando kwa uangalifu mpaka mshipa uonekane. Hutiwa dawa ya kuzuia damu isigande, halafu mshipa hubanwa kwa vibanio juu na chini ya uvimbe, damu ikasimama. Uvimbe hufunguliwa, mabonge ya damu iliyoganda ndani huondolewa, na mrija wa kitambaa hushonwa mahali pake, mshono mmoja juu na mwingine chini. Vibanio hufunguliwa polepole, damu ikapita tena. Mwisho, ule ukuta wa zamani wa mshipa hufunikwa juu ya mrija kama shuka, na tumbo likafungwa.

Njia ya pili haipasui tumbo. Daktari huingilia kwenye mishipa ya kinena. Mrija wa kitambaa uliotiwa waya za chuma hukunjwa ndani ya kifuko chembamba, husukumwa juu kwa kufuata picha ya eksirei, na ukifika ndani ya uvimbe hufunguliwa kama mwavuli. Damu hupita ndani ya mrija, na ukuta dhaifu ukapumzika na msukumo.

Mtu angedhani njia ya pili ni bora kwa kila mtu, nasi tulidhani hivyo. Ni kweli kwamba siku za mwanzo ina salama zaidi. Katika uchunguzi mmoja mkubwa wa Uingereza, katika siku 30 za mwanzo walifariki kiasi cha asilimia 1.7 ya waliotiwa mrija kwa njia ya kinena, na asilimia 4.7 ya waliopasuliwa tumbo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda tofauti hiyo ilitoweka. Mrija wa kinenani huweza kuvuja au kusogea, na mwenye nao hulazimika kupigwa picha kila mara maisha yake yote. Tena hauwezi kukaa katika kila mshipa. Ni lazima pawe na kipande kizima cha mshipa, chini ya matawi ya figo, ambapo mrija utashika. Kwa kaka yangu kipande hicho kilikuwa kifupi mno. Njia yake ilikuwa moja.

Sindano na uzi

Hapo shemeji, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Bwana daktari, hicho kitambaa kinashonwa kwa mkono?" Daktari akajibu kwamba ndiyo, kwa sindano iliyopinda na uzi mwembamba, kidogo kidogo mpaka mzunguko utimie. Shemeji hushona kofia za vito. Akatikisa kichwa kama fundi anayemwelewa fundi mwenzake, na tangu hapo hofu yake ikapungua.

Naye hakukosea, kwani historia ya tiba hii ni historia ya mafundi. Mwaka 1948, mwanasayansi Albert Einstein alikutwa na mshipa uliofura tumboni. Daktari Rudolph Nissen hakuwa na njia ya kuubadilisha, akauzungushia karatasi laini ya selofani ili mwili uote kovu na kuuimarisha. Einstein aliishi zaidi ya miaka sita baada ya hapo. Mwezi Aprili 1955 mshipa ukapasuka, akakataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76.

Kati ya miaka hiyo mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1951, huko Paris, daktari Charles Dubost aliuondoa mshipa uliofura na kuweka mahali pake kipande cha mshipa kilichotolewa kwa maiti. Haukupita muda mrefu kitambaa kikachukua nafasi hiyo. Mmoja wa waliokieneza ni Michael DeBakey wa Marekani, aliyezaliwa na wazazi waliohamia huko kutoka Lebanon. Mama yake alikuwa amemfundisha kushona tangu utotoni. Alikwenda dukani mjini Houston kutafuta kitambaa cha nailoni, akaambiwa kimekwisha, akapewa cha polista kiitwacho Dacron. Akakichukua nyumbani, akashona mirija kwa cherehani ya mke wake. Njia ya kinenani ilikuja baadaye: daktari Juan Parodi aliitumia huko Buenos Aires mwaka 1990. Basi mama anayemfundisha mwanawe wa kiume kushika sindano asione kwamba anapoteza wakati.

Baraza la nyumbani

Usiku ule tulikaa sebuleni, kaka, shemeji, watoto wao na mimi. Kaka akasema, "Niacheni. Nimeishi ya kutosha. Nataka nife mwili wangu ukiwa mzima." Watoto wakanitazama mimi, wakitaraji niseme neno la dini.

Nilimwambia kaka yangu kwamba mimi ndiye niliyekosea mwanzo. Nilimwambia asubiri pasipokuwa mahali pa kusubiri. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kujitibu na akatufunza kwamba maradhi yameteremshwa pamoja na dawa zake. Kisomo ni ibada na ni ponyo, lakini hakikuwekwa kuwa badala ya daktari, kama vile dua ya safari isivyokuwa badala ya kufunga breki. Anayemtegemea Mungu humfunga ngamia wake kwanza. Na mwili huu tumekabidhiwa. Mwenye amana haruhusiwi kuuacha uharibike hali dawa iko mbele yake na waganga wajuzi wanamwambia kheri yake ni kubwa kuliko hatari yake.

Sikumficha hatari. Daktari alikuwa ameziorodhesha: moyo kushindwa, figo kuchoka, damu kuvuja, kifua kuingia maradhi, na kwa baadhi ya wanaume nguvu za kiume kupungua. Haya ya mwisho mume na mke wana haki ya kuyajua mapema na kuyauliza bila haya. Nikamwambia, "Kaka, uamuzi ni wako, hatutakulazimisha."

Akanyamaza sana. Kisha mwanawe mkubwa akaniuliza, "Ami, na wewe umeshapimwa? Daktari amesema ndugu wa tumbo moja." Sikuwa nimepimwa. Kaka akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, akasema, "Nitakwenda, kwa sharti sheikh naye aende akalale pale pale kitandani apakwe ule ute wa baridi."

Siku ya upasuaji na baadaye

Kabla ya kwenda, kaka aliandika wasia wake na kuyataja madeni yake mbele ya mashahidi. Hilo si mkosi, ni sunna, na linampa mgonjwa utulivu. Aliacha sigara tangu siku ya picha, kwani mapafu ya mvutaji hupona kwa shida baada ya nusukaputi. Vijana wa ukoo walikwenda kutoa damu, maana upasuaji huu huhitaji akiba ya damu.

Alikaa chumbani humo zaidi ya saa nne. Shemeji alikuwa na kofia yake na sindano yake kwenye benchi la nje. Alipotoka alipelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha wodini, na siku ya kumi tukarudi naye nyumbani. Leo anakwenda msikitini kwa miguu yake. Alhamdulillah.

Mimi nilitimiza sharti. Mshipa wangu ulikuwa na sentimita 1.9.

Kwa faida ya familia

Nayafupisha tuliyojifunza, huenda yakamfaa mtu.

Kwanza, mwenye mzee nyumbani aliyevuka miaka 65, hasa aliyewahi kuvuta sigara, ampeleke akapimwe ultrasaundi ya tumbo na aombe mshipa mkuu utazamwe. Anayekwenda kupimwa figo au tezi anaweza kuomba hilo hilo kitandani.

Pili, kitu kinachodunda tumboni hakikandwi. Mpelekeni kwa daktari. Na ikiwa mzee ameshikwa na maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo pamoja na jasho na kuzirai, msingoje asubuhi na msimpe chai ya tangawizi. Mpelekeni hospitali kubwa yenye wapasuaji saa ile ile.

Tatu, ulizeni gharama mapema. Ulizeni bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii italipa kiasi gani, na familia ibebe nini. Msingoje siku ya kulazwa.

Nne, mgonjwa hapotezi sala yake. Asiyeweza kusimama huketi, asiyeweza kuketi hulala akaashiria, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Sala zilizompita akiwa katika nusukaputi huzilipa anapopata nguvu. Funga nayo hulipwa baadaye. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa ajili ya kuona haya kula mchana.

Tano, baada ya kurudi nyumbani nguvu hukawia, pengine miezi miwili au mitatu. Mgonjwa asinyanyue ndoo wala gunia kwa wiki kadhaa. Huwa mkali, huwa mwenye kulia kwa jambo dogo. Anayemuuguza, na aghalabu ni mke au binti, naye achukuliwe zamu alale.

Shemeji amemaliza ile kofia aliyoianza kwenye benchi la hospitali. Amenipa mimi. Nilipomuuliza kwa nini asimpe mumewe, alisema mumewe ameshashonewa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuzitumia sababu alizotuwekea.

Wabillahi tawfiq.